Kuomba chuo mapema: je, kunaongeza nafasi? Maswali ya wazazi na wanafunzi wa Arusha na Moshi

Kuanzia Agosti hadi Januari maswali haya hunijia karibu kila wiki. Mengi hutoka kwa wazazi ambao mtoto wao anaongoza darasa, na kuna mtu amewaambia kwamba anayetaka vyuo vikubwa vya nje awahi kutuma maombi, basi. Mengine huulizwa na vijana wenyewe, wa kidato cha tano na cha sita. Nimejibu kwa urefu pale ambapo nimeona familia zinaumia zikikosea, na kwa ufupi pale ambapo jambo halina mengi.

Kwa kifupi: ukiomba mapema, nafasi ya kukubaliwa inaongezeka?

Inaongezeka kwenye baadhi ya vyuo, kwa baadhi ya waombaji. Kijana ambaye insha zake zimekamilika, walimu wameshamwandikia barua, na suala la ada limezungumzwa nyumbani hadi likaeleweka, huyo kuwahi kunamsaidia, hasa kwenye vyuo vidogo vya Marekani vinavyotaka mwombaji atoe ahadi. Anayehangaika na rasimu ya kwanza ya insha tarehe 25 Oktoba hapati chochote kwa kuwahi. Ombi litasomwa lilivyo, na akikataliwa kwenye duru ya mapema hawezi kuomba tena chuo hichohicho mwaka uleule.

Kwa vyuo vya hapa nchini utaratibu ni mwingine kabisa. Nimeueleza mbele.

Lakini takwimu za vyuo vyenyewe zinaonyesha tofauti kubwa. Kwa nini unatupoza?

Tofauti ipo na siikatai. Kwa darasa lililoingia 2024, Harvard ilipokea maombi ya mapema 7,921 na kukubali 692, karibu asilimia 8.7. Ukichukua waombaji wote wa mwaka ule, waliokubaliwa ni kama asilimia 3.6. Brown, mwaka huohuo, ilikubali 898 kati ya 6,244 walioomba mapema, zaidi kidogo ya asilimia 14, wakati kiwango cha jumla kilikuwa kama asilimia 5. Mzazi akizitazama namba hizi anaona wazi kwamba Novemba, kwenye maombi ya mapema, kuna nafuu kuliko Januari, kwenye maombi ya kawaida.

Tujiulize hao 692 ni akina nani. Wamo wanamichezo ambao kocha ameshawachagua na kuwaelekeza waombe mapema. Wamo watoto wa watu waliosoma hapohapo, watoto wa wafanyakazi wa chuo, watoto wa wachangiaji wakubwa. Kesi dhidi ya Harvard, ile iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2023, iliweka hadharani mambo ambayo chuo kisingeyatangaza chenyewe. Mojawapo ni kwamba wanamichezo walioitwa na makocha walikuwa wakikubaliwa kwa takriban asilimia 86. Watu hao wakijazana kwenye duru ya mapema, wanapandisha wastani wa duru nzima. Kijana wa Kibosho au wa Ngaramtoni, asiye na kocha wala mzazi aliyepita chuo kile, asijihesabie asilimia ile kana kwamba ni yake.

Ukiwatoa hao, faida inabaki? Inabaki kiasi. Watafiti waliochambua maelfu ya maombi ya vyuo vinavyogombewa, na kutoa matokeo yao mwaka 2003, waliona kwamba kwa waombaji wenye sifa zinazolingana, kuomba mapema kulikuwa na uzito unaokaribia alama 100 za SAT, mtihani wa kuomba vyuo vya Marekani. Ni utafiti wa siku nyingi, lakini sababu iliyo nyuma yake haijaondoka: chuo kinampenda mtu ambaye kina uhakika atakuja.

Kuna jambo jingine wazazi wengi hawalijui. Mwaka 2006 Harvard na Princeton zilitangaza kuachana na maombi ya mapema, zikisema utaratibu huo unawapendelea wenye uwezo na wenye washauri. Mwaka 2011 zikaurudisha. Hoja ile ilikuwa ya kweli wakati ule na kwangu bado ni ya kweli. Ndiyo maana nawasihi vijana wetu wauelewe utaratibu huu vizuri kabla hawajauingia.

ED, EA, REA: zinatofautiana vipi?

ED (Early Decision) ni ahadi. Unaomba chuo kimoja tu kwa njia hiyo. Unasaini wewe, mzazi na mshauri wa shule, ambaye kwetu mara nyingi ni mkuu wa shule au mwalimu wa taaluma, kwamba ukikubaliwa utakwenda na maombi mengine yote utayaondoa. Mwisho wa kutuma huwa tarehe 1 au 15 Novemba, majibu hutoka katikati ya Desemba. Vyuo vingi vina ED ya pili ambayo mwisho wake ni mwanzoni mwa Januari, na majibu hutoka Februari.

EA (Early Action) ni kuomba mapema na kujibiwa mapema bila kufungwa. Unaweza kuomba vyuo kadhaa, na unabaki na muda wa kuamua hadi 1 Mei.

REA (Restrictive Early Action) ndiyo ya Harvard, Yale, Princeton na Stanford, ingawa Yale na Princeton hawakutumia jina moja miaka yote. Haikulazimishi kwenda, ila inakuzuia kuomba mapema vyuo vingine binafsi vya Marekani. Vyuo vya nchi nyingine unaruhusiwa, kwa hiyo kijana anaweza kuomba Yale mapema na bado akaomba Uingereza.

Nafuu kubwa iko kwenye ED. Kwenye EA na REA ni ndogo. Harvard yenyewe huwaambia waombaji kwamba kuomba mapema hakuwapi upendeleo.

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa mtoto wa kidato cha sita hapa Moshi. Hatuna uwezo wa kulipa hata robo. Aombe ED?

Marahaba mama. Hili ndilo swali lenyewe, kwa hiyo nitalijibu taratibu.

Gharama ya mwaka mmoja kwenye vyuo hivi, ukijumlisha ada, malazi, chakula na bima, imepita dola 80,000. Kwa hela yetu ni karibu shilingi milioni 200, na shahada ni miaka minne. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama kuomba mapema kunasaidia, ulizeni chuo kinamfanyia nini mwanafunzi wa nje asiye na pesa. Hapo vyuo vinagawanyika.

Kuna vichache ambavyo haviangalii uwezo wa mwombaji wa nje wakati wa kuamua, na vikishamkubali humjazia pengo lote. Humo wamo Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth, Bowdoin na Brown. Kuwa maskini hakumpunguzii mtoto nafasi kwenye vyuo hivi. Tatizo ni kwamba dunia nzima inavijua, na ushindani ni mkali kuliko maneno yangu yanavyoweza kueleza.

Kuna vingine ambavyo vinamjazia pengo lote yule waliyemkubali, ila wakati wa kuamua vinaangalia kama fungu lao la wanafunzi wa nje litatosha. Swarthmore, Grinnell na Macalester ni mfano. Huku ndiko ED inakuwa na nguvu kwa familia kama yenu. Fungu lina kikomo, na Novemba bado halijaguswa. Halafu baadhi ya vyuo vya aina hii hujaza nusu ya darasa au zaidi kwa ED, kwa hiyo anayesubiri Januari anagombania kilichobaki.

Na kuna vyuo ambavyo havitoi msaada kwa wageni kwa kuangalia hali ya familia, vikiwemo vya mfumo wa University of California. Huko kuomba mapema hakutawasaidia kitu, na ada ya maombi itakuwa imekwenda bure.

Sasa, ile saini. Watu wanaogopa kwamba wakikubaliwa kwa ED na msaada usitoshe, watadaiwa. Hapana. Mkataba unaruhusu familia kukataa nafasi kama msaada uliotolewa hauiwezeshi kulipa. Mnachokipoteza ni uhuru wa kulinganisha: hamtaona chuo kingine kingewapa nini. Kwa familia yenye kipato cha kati hilo ni jambo kubwa. Kwa familia inayohitaji karibu kila kitu, na chuo kimeandika waziwazi kwamba kinajaza pengo lote, uzito wake unapungua.

Kwa hiyo ushauri wangu kwako mama ni huu. Kama mtoto amesoma habari za chuo kimojawapo cha aina ya pili hadi anaweza kukueleza mezani kwa nini anakitaka, na kama fomu za mapato ziko tayari, aombe ED huko. Asiitumie ED kwa chuo kinachosema tu kwamba "kina ufadhili kwa baadhi ya wanafunzi". Maneno hayo hayamlipii mtu ada.

Baba yake ni mwongoza wageni mlimani, mshahara wake haueleweki. Kwenye fomu ya mapato tuandike nini?

Hapa maombi mengi ya Arusha na Moshi hukwama, kwa hiyo nielekeze hatua kwa hatua.

Fomu inayotumiwa na vyuo vingi inaitwa CSS Profile, na hufunguliwa 1 Oktoba. Inauliza mapato ya mwaka mzima, na inakubali uandike kwa shilingi. Msianze na fomu, anzeni na daftari. Chora miezi 12. Kila mwezi andika safari za mlimani alizokwenda baba, malipo ya kampuni kwa safari, kisha bahshishi kwenye safu yake pekee. Aprili na Mei mvua zikinyesha, mara nyingi safu itabaki tupu, na ni sawa. Ndiyo hali halisi ya kazi hiyo. Wenye kahawa waongeze malipo ya chama cha msingi, na wenye ndizi waandike wastani wa wanachouza sokoni kwa wiki. Mama mwenye genge anayo hesabu yake pia. Jumlisha. Hiyo ndiyo namba ya kuandika.

Kisha tafuteni ushahidi: barua ya kampuni, stakabadhi za AMCOS (chama cha msingi), taarifa ya miamala ya simu ya mwaka mzima, barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa yenye muhuri. Kama baba hana hati ya mshahara, andikeni maelezo mafupi ya namna anavyolipwa. Maofisa wa vyuo hivi wamesoma mafaili ya wakulima na wavuvi wa dunia nzima. Kinachowatia shaka ni sifuri. Familia inayokula, inayosomesha na kulipa kodi ya nyumba haiwezi kuwa na mapato ya sifuri, na ukiiandika hivyo unalazimisha mtu aanze kuuliza maswali wakati muda wa duru ya mapema unayoyoma.

CSS ina ada ya dola 25 kwa chuo cha kwanza. Kabla hamjalipa, mwandikieni chuo barua pepe kuomba msamaha wa ada, wa CSS na wa maombi yenyewe. Vyuo vingi vyenye msaada kwa wageni hukubali, na baadhi vina fomu yao isiyo na malipo.

Binti yangu yuko bweni, simu hairuhusiwi. Atawezaje kutuma ombi Novemba?

Kwa kweli ni vigumu, na sitaki mtu alaumiwe kwa hilo. Mtoto wa kidato cha sita mwezi Oktoba yuko darasani, na barua pepe za chuo zinaingia bila yeye kuziona. Kuna njia ya kuzunguka, ila inaanza mapema kuliko watu wanavyodhani.

Likizo ya Juni, kati ya kidato cha tano na cha sita, ndiyo ya dhahabu. Afungue akaunti ya Common App, mfumo wa mtandaoni wa kuomba vyuo vingi kwa fomu moja, aandike insha kuu yenye maneno yasiyozidi 650, achague chuo cha ED kama kipo. Akaunti hupangwa upya kwa mwaka mpya tarehe 1 Agosti, lakini insha ile haipotei. Kisha mzazi aende shuleni Agosti, ana kwa ana, akamwone mkuu wa shule. Aombe mtoto aruhusiwe kutumia chumba cha kompyuta saa chache kwa wiki. Nimeona wakuu wa shule wakikubali wanapoelezwa vizuri na kuonyeshwa karatasi, na nimeona wakikataa wanapopigiwa simu tu.

Mwalimu atakayeandika barua ya mapendekezo anahitaji barua pepe anayoifungua. Hilo linaonekana dogo. Nimekaa steshenari karibu na stendi ya Moshi na mwalimu wa Kemia aliyemfundisha mtoto miaka yote, mwalimu mzuri sana, barua yake imeandikwa kwa kalamu kurasa mbili, ya kweli, inayogusa. Ila kiungo cha kuipakia kilikuwa kimetumwa kwenye anwani ambayo nywila yake aliisahau. Tulipoipata nywila, zilikuwa zimebaki saa chache tu za kuipakia barua. Siku hizi namwomba kila mwalimu anitumie ujumbe mmoja wa majaribio Septemba, nijue anwani inafanya kazi.

Kama hayo hayawezekani, asilazimishe Novemba. Maombi ya kawaida hufungwa kati ya 1 na 5 Januari kwenye vyuo vingi, na hiyo ni likizo ya Desemba, mtoto yuko nyumbani. Ombi zuri la Januari ni bora kuliko ombi la Novemba lililojazwa na binamu kwa niaba yake.

Matokeo ya kidato cha sita yanatoka Julai. Wataniangaliaje Novemba?

Vyuo vya Marekani havisubiri ACSEE, yaani mtihani wa kidato cha sita. Vinasoma cheti cha kidato cha nne, ripoti za mihula tangu kidato cha kwanza au cha tatu, makadirio ya walimu, na maelezo ya shule yako ni ya aina gani. Hapo ripoti ya muhula wa kwanza wa kidato cha sita ina umuhimu: anayeomba Novemba hana hiyo ripoti, anayeomba Januari anayo. Kijana aliyeyumba kidato cha tano na sasa anapanda afikirie kusubiri, ili wasomaji waone anapanda. Aliyeshikilia nafasi ya juu tangu mwanzo hana cha kusubiri.

Ukishakubaliwa, usilegeze. Kukubaliwa kunategemea umalize shule vizuri.

Na SAT?

Kwa duru ya Novemba, hesabu kwamba mtihani wa Oktoba ndio wa mwisho. Bora ufanye Agosti ili Oktoba ibaki ya kurudia. MIT, Harvard, Dartmouth na Brown zimerudisha sharti la mitihani hii. Tangu 2023 sisi wa nje ya Marekani tunafanya kwa kompyuta, kwa hiyo hakikisha una kompyuta mpakato ya kuazima yenye chaji inayodumu. Vituo ni vichache na hujaa. Jiandikishe miezi miwili mitatu kabla.

Mwanangu anasoma IB (diploma ya kimataifa) hapa shule ya UWC East Africa. Mambo ni yaleyale?

Nafuu yake ni kwamba shuleni kuna mshauri wa vyuo anayeijua kazi hii, mfuateni huyo kwanza. Wahitimu wa UWC wana pia mpango wa Davis, unaosaidia vyuo washirika vya Marekani kuwalipia. Orodha ya vyuo hivyo muitazame kabla ya kuchagua chuo cha ED, kwa sababu inaweza kubadilisha jibu.

Oxford na Cambridge je? Nikituma Septemba badala ya Oktoba wataniona mapema?

Hapana. Mwisho wa Oxford na Cambridge, pamoja na kozi nyingi za udaktari Uingereza, ni 15 Oktoba saa 12 jioni ya huko, ambayo kwetu ni saa 2 usiku. Wote waliotuma kabla ya hapo wanaangaliwa kwa usawa. Huwezi kuomba Oxford na Cambridge mwaka mmoja. Kabla ya chochote, soma chuo kinasemaje kuhusu vyeti vya Tanzania, maana wenye IB au A-Level ya Cambridge wana njia iliyonyooka zaidi kuliko wenye ACSEE. Kwa Uingereza kuwahi kunakupa utulivu wa moyo na muda wa kujiandaa na usaili, basi.

Kwa MUHAS, KCMC au UDSM, anayeomba siku ya kwanza anapata upendeleo?

Wazazi wengi wanaamini hivyo, na nimeona watu wamekesha mtandaoni siku dirisha linapofunguliwa. Ndani ya awamu moja haina maana. Dirisha likifungwa, chuo kinawapanga waombaji kwa sifa zao na kuchagua. Aliyetuma saa ya kwanza na aliyetuma siku ya kumi wanapangwa pamoja.

Ila awamu ina maana kubwa. Awamu ya pili na ya tatu ni za kozi ambazo bado zina nafasi. Udaktari wa binadamu hugombewa mno, na anayengoja awamu ya pili huenda asiikute kabisa kwenye orodha. Kiwango cha chini cha udaktari ni alama 6 kwa Fizikia, Kemia na Baiolojia, kila somo angalau D. Hicho ni kiwango cha kuruhusiwa kuomba, na wanaochaguliwa huwa juu yake sana. Mwenye D tatu akiweka udaktari kwenye machaguo yake yote ya awamu ya kwanza, atakuwa ameitumia vibaya awamu ambayo ingempa uuguzi, maabara au famasia kama sifa zake zinaruhusu.

Kwa hiyo omba awamu ya kwanza, na ndani ya awamu hiyo usikimbie. Hakiki namba ya mtihani ya kidato cha nne mara mbili, maana hiyo ndiyo inayokutambulisha kuanzia udahili hadi mkopo. Lipa kwa kontroli namba iliyotolewa na mfumo wa chuo chenyewe. Na cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA kabla ya dirisha la mikopo la HESLB, kwa sababu foleni ya uhakiki huwa ndefu wakati kila mtu ameamka siku moja. Hapa kuwahi ni faida tupu.

Ukichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja utatumiwa namba ya siri ya kuthibitisha chuo kimoja. Kama kijana yuko kambini JKT, namba ya simu iliyoandikwa kwenye maombi iwe ya mtu aliye nyumbani na anayesoma ujumbe wake.

Amekubaliwa Marekani Desemba. Bado aombe vyuo vya hapa Julai?

Kwa sasa, ndiyo. Desemba 2025 Rais wa Marekani alisaini tangazo lililoiweka Tanzania kwenye orodha ya nchi zenye vikwazo vya viza, zikiwemo za F, M na J ambazo wanafunzi hutumia, kuanzia 1 Januari 2026. Amri za namna hii hubadilika, kwa hiyo tazama tovuti ya ubalozi kabla ya kila hatua. Lakini panga ukijua kwamba barua ya kukubaliwa haitoshi.

Mwandikie chuo mara tu unapokubaliwa. Uliza kama nafasi na msaada vinaweza kushikiliwa mwaka mmoja viza isipopatikana, na uombe jibu la maandishi. Kama ulikubaliwa kwa ED, waeleze wazi kwamba unaomba chuo cha nyumbani kwa ajili ya hatari hiyo tu. Viza ikitoka, futa udahili wa hapa haraka. Kuna mtoto mwingine anaisubiri nafasi ile.

Hali hii pia imebadilisha ushauri wangu juu ya vyuo vya kuchagua. Orodha ya mtoto wa Arusha au Moshi sasa iwe na nchi zaidi ya moja.

Kuna wakala mjini anasema kwa milioni mbili ataingiza jina langu kwenye duru ya mapema.

Usimpe. Duru ya mapema ni alama ya kuweka kwenye fomu, haina mtu wa kuifungua. Familia moja ninayoijua ililipa pesa ya aina hiyo na kuandikiwa insha iliyofanana neno kwa neno na ya kijana mwingine wa mtaa wa pili. Ushauri wa bure unapatikana EducationUSA, ubalozi wa Marekani Dar es Salaam. Ukisikia pia mtu anakuuzia nafasi ya QuestBridge, mpango wa ufadhili wa vyuo vya Marekani, ujue mpango huo ni wa raia na wakazi wa kudumu wa Marekani na wanaosoma sekondari hukohuko. Wewe wa Sakina au Soweto haukuhusu.

Nimeomba mapema, wameniahirisha. Maana yake nimekosa?

Maana yake watakusoma tena pamoja na waombaji wa kawaida, na jibu litakuja mwishoni mwa Machi. Baadhi ya vyuo huahirisha wengi, vingine hukataa wengi papo hapo, kwa hiyo usilinganishe na rafiki aliyeomba kwingine. Tuma ripoti mpya ya muhula na barua fupi yenye jambo jipya la kweli. Siku hiyohiyo endelea na maombi mengine. Kama uliomba ED, ahadi yako kwa chuo kile imekwisha hapo, uko huru.

Tarehe 1 Novemba imenipita. Nifanye nini?

Hujakosa kitu kisichorudishika. ED ya pili ipo kwenye vyuo vingi vya aina ile inayofaa familia zetu, na faida yake inafanana na ya kwanza. Maombi ya kawaida yapo. Muda wa Common App unahesabiwa kwa saa za mahali ulipo kwa vyuo vingi, yaani saa 5:59 usiku wa hapa, ila usiutegemee usiku ule. Umeme ukikatika Desemba 31 hakuna wa kumpigia.

Lenga kutuma tarehe 28 Desemba. Fomu ya mapato ianze mara shule ikifungwa, baba akiwa bado anakumbuka safari za msimu. Na barua za walimu ziombwe kabla shule haijafungwa, maana walimu nao huenda kwao sikukuu, na wengine huko kwao mtandao hausomi.